Hatua Sita za Nyumba ya Nanzia

Maji hayaruki kipande.

Shangazi yao aliyasema maneno hayo akipita na sufuria kubwa mikononi, wala hakusimama. Alikuwa akimwambia Nietiwe, aliyepewa kazi ya kuchambua maharage ya makande ya harusi na kuiona ndogo mno kwa msichana aliyetoka mjini na viatu vipya. Shangazi alipokwisha kupita, Nietiwe alimgeukia binamu yake Kiondo.

"Maji gani, na kipande gani?"

"Usiniulize mimi," Kiondo akajibu. "Wazee wa hapa wakikosa la kukwambia wanasema hivyo. Nimeambiwa tangu nikiwa mdogo, na maana siijui."

Karibu nao, kwenye kigoda kando ya mafiga, Bibi Namsifu alikuwa akimenya magimbi. Hakuinua uso.

"Sogezeni ungo huo hapa," akasema. "Mikono ikichambua, masikio hayana kazi. Msemo huo una siku yake ya kuzaliwa na mahali pake, na aliyeuzaa namjua kwa jina. Ulianza hivi."

*

Hapa Mvuleni tuna mfereji mmoja, na zamani hizo ulikuwa huo huo mmoja. Unaanzia kwenye banio, yaani mlango wa maji, juu msituni, pale kijito kinapotoka kwenye mawe. Kutoka hapo unashika ubavu wa mlima, unazunguka, unapotea nyuma ya migomba, unatokeza tena, mpaka unamwaga kwenye ndiva. Ndiva ni lile bwawa letu la mawe na udongo. Linakusanya maji usiku, na asubuhi linafunguliwa ili yateremke mashambani. Mfereji huo waliuchimba mababu zetu kwa majembe waliyoyafua wenyewe, kwa chuma walichokiyeyusha wenyewe. Hakuja mtu na ramani. Walitazama maji yanataka kupita wapi, wakayafuata.

Walipomaliza waliugawa vipande. Kila nyumba ilipata kipande chake cha kutunza, kilichopimwa kwa hatua, na mwisho wa kila kipande lilisimamishwa jiwe. Sheria zake mtoto anayejifunza kutembea alizijua. Mwenye kipande ana zamu ya maji, asiye na kipande hana zamu. Tena kipande cha mtu hakiguswi na jembe la mwingine mpaka mwenyewe aombe, na kuomba kwenyewe ni kulaza jembe lako chini mbele ya miguu ya unayemwomba, watu wakiona.

Kila mwaka masika yakiisha, pembe ililia kutoka kilimani kuita msaragambo, yaani kazi ya wote. Kwa wiki nzima kila nyumba ilikuwa kwenye kipande chake, ikizoa tope, ikiziba matundu ya kaa, ikikata mizizi. Wiki ikiisha banio lilifunguliwa, na juu ya maji ya kwanza kiliwekwa kibuyu kitupu kilichofungwa jani la sale, mmea wetu wa heri. Kibuyu kiliteremka chenyewe. Kila nyumba ilisimama kwenye kipande chake ikikingoja, na kilipopita walipiga vigelegele, na nyumba inayofuata ikavipokea, hivyo hivyo mpaka kwenye ndiva. Kikikwama, watu waliita jina la nyumba yenye kipande hicho. Hapakuwa na adhabu nyingine. Jina lilitosha.

Sasa, nyumba ya Bibi Nanzia ilikuwa na hatua sita.

Wengine walikuwa na hatua arobaini, wengine sitini. Nyumba ya Nanzia ilikuwa na sita, pale Mwambani, ambapo mfereji unavuka jiwe tupu na chini yake ni korongo. Pale jembe halina kazi. Ukuta wa upande wa korongo ulikuwa wa udongo mtupu, uliobandikwa juu ya jiwe kwa mkono, na nyumba ya Nanzia ndiyo iliyojua kuubandika.

Bibi Nanzia alikuwa amezeeka, magoti yamekataa kupanda mlima. Aliishi na mjukuu wake Naelijwa, msichana wa miaka kumi na tisa, aliyeacha shule darasa la tano ili amwinue bibi asubuhi na kumlaza jioni. Kwa kuacha shule Naelijwa hakuona haya. Aliona haya ya mambo mengine yote. Aliona haya kusalimiwa, aliona haya kuitwa, aliona haya kutazamwa akila. Akizungumza na mtu mzima, alikuwa akizungumza na vidole vyake vya miguu.

Wasichana wenzake walimjua hivyo, na walimtania. Mmoja wao, wa kipande kinachofuata, alikuwa na mdomo usiojua kupumzika. Kila msaragambo alimngoja njiani.

"Naelijwa, mbona umewahi hivyo? Hatua sita zote zile utazimaliza leo kweli?"

Wengine wanacheka, naye anaongeza:

"Mwacheni jamani. Amesahau kijiko nyumbani. Atachimbia nini?"

Naelijwa alitabasamu na kupita. Moyoni hakuwa na kinyongo, kwa sababu alijua jambo ambalo wao hawakulijua. Alijua kazi ya hatua sita ilivyo.

Bibi alimfundisha tangu ana miaka tisa. Udongo ni wa kichuguu, si wa shambani. Unautwanga, unautia majivu, samadi ya ng'ombe, na magome makavu ya mgomba yaliyokatwakatwa. Unaukanyaga kwa visigino mpaka ulie chini ya mguu kama ndama anayenyonya. Halafu unaulaza shimoni, umefunikwa majani ya mgomba, siku saba.

"Siku saba zote, bibi?"

"Wewe ukiamshwa kabla usingizi haujaisha unakuwaje?"

"Nakuwa mkali."

"Na udongo hivyo hivyo. Usikilize, mjukuu wangu. Jiwe linapumua. Mchana linavimba kwa jua, asubuhi limenywea. Ukiliwekea kitu kigumu begani, litakitupa. Liwekee kitu kinachopumua nalo."

*

Mwaka huo alichaguliwa mwenyekiti mpya wa mfereji, Mzee Mbonea. Alikuwa amerudi karibuni kutoka mashamba ya mkonge kule tambarare, alikokuwa mnyapara miaka mingi. Alikuwa mtu mwema, nisimsingizie. Aliwanunulia wapiga pembe kofia, na akikuona na mzigo mzito alikupokea. Ila alizoea kuona kazi kwa jinsi mnyapara anavyoiona, yaani watu wangapi, siku ngapi, imekwisha au haijaisha.

Akaitisha kikao pale kwenye ndiva, wanaume mbele, wanawake nyuma.

"Ndugu zangu," akasema, "mfereji wetu ni mzuri, lakini una mahali pamoja panaponikosesha raha. Mwambani. Hatua sita tu, na kila mwaka zinabandikwa udongo kama jiko la mtoto. Nyumba ya Bibi Nanzia haina mwanamume. Bibi hatembei, na binti ndiye yule, mnamwona. Wanangu wawili na mifuko minne ya saruji, kazi ile ni ya asubuhi moja, na haitarudiwa milele. Mimi nasema tumpumzishe bibi. Kipande kile nitakichukua mimi."

"Na maji yao?" mtu mmoja akauliza.

"Watapewa. Sisi si wanyama. Bibi kizee atanyimwa maji na nani?"

Watu wakaitikia kwa vichwa. Maneno yalikuwa ya huruma, na huruma ni ngumu kuipinga. Mzee Mbonea akainua shingo kutazama nyuma walikokaa wanawake.

"Binti, una neno?"

Naelijwa alikuwa na neno. Lilipanda likafika kooni, akaliona kabisa lilivyo. Kisha aliona nyuso zote zimemgeukia, na neno lile likashuka, likapita tumboni, likaenda kukaa kwenye vidole vya miguu pamoja na mengine yote.

"Anyamazaye amekubali," Mzee Mbonea akasema kwa upole. Kikao kikafungwa.

Alipofika nyumbani alimweleza bibi, hakuficha kitu. Bibi Nanzia alikuwa akisukuma moto kwa kijiti. Akaendelea kusukuma.

"Wewe ulisemaje?"

"Sikusema, bibi."

"Na zamu yetu ya Jumatano?"

"Amesema tutapewa maji."

"Tutapewa." Bibi akaliweka neno lile kama mtu anayeweka chini chombo asichokitaka. "Mama yangu alikuwa na zamu. Bibi yangu alikuwa na zamu. Maji ya kupewa hunywewa kwa magoti, Naelijwa, na magoti yangu mimi yamekwisha."

Hakumlaumu. Ingekuwa afadhali angemlaumu.

Jumatano iliyofuata Naelijwa aliweka jembe begani akaenda kwenye ndiva asubuhi, kama alivyokwenda Jumatano zote. Mfunguaji maji alimsalimu vizuri sana.

"Karibu, dada. Kaa hapo kivulini. Wenye zamu wakimaliza nitakuita."

Akakaa. Jua likapanda. Aliyaona maji yakiingia shamba la huyu, yakihamia la yule. Watu aliokua nao walipita na majembe, wakamwambia pole, na hakuna aliyewahi kumwambia pole siku ya maji tangu azaliwe. Mchana aliitwa. Yalikuwa yamebaki maji ya chini, ya rangi ya chai, yaliyofika kwenye magimbi ya bibi yake yakitambaa, na mistari mitatu ya maharage hayakuifikia kabisa. Naelijwa alisimama katikati ya shamba lao na jembe lake. Siku hiyo alielewa kwamba waliyochukuliwa hayakuwa hatua sita za jiwe. Walichukuliwa haki ya kuja na jembe begani bila kuomba.

*

Masika yakaisha. Asubuhi moja pembe ikalia kilimani.

Kabla hajafikiri, Naelijwa alikuwa ameshika beseni, miguu inaelekea kwenye kichuguu. Akachimba, akatwanga, akatia majivu. Akaanza kukanyaga. Bibi alisikia visigino kutoka ndani.

"Unakanyaga nini huko nje?"

Naelijwa akasimama. "Udongo, bibi."

"Wa kazi gani? Kipande hatuna."

"Sijui. Pembe imelia."

 Kisha sauti ya bibi ikatoka, imechangamka kama ya msichana. "Basi ongeza majivu. Mwaka huu jua ni kali."

Akaongeza majivu. Akaupeleka udongo beseni kwa beseni mpaka kwenye shimo lao la zamani, chini ya majani ya mgomba, hatua chache kutoka Mwambani. Wana wa Mzee Mbonea walikuwa pale, wanakoroga saruji.

"Dada, mbona unajichosha?" mmoja akasema. "Hapa sisi tutamaliza kesho."

"Naupitisha tu," Naelijwa akaviambia vidole vyake.

Kesho yake walimaliza kweli. Ukuta wao ulikuwa mweupe, umenyooka, umelainika kama ganda la yai. Watu walikuja kuutazama. Naelijwa naye alikuja, akauona ni mzuri, akaona ni wivu kusema vinginevyo. Lakini mchana ule aliweka kiganja juu ya mwamba, akasikia ulivyo moto, ulivyojaa pumzi, akakumbuka maneno ya bibi. Akaondoa mkono.

Siku ya kufungua maji ilifika, na kila nyumba ilikwenda kusimama kwenye kipande chake. Wanawake wamejifunga kanga mpya, wanaume wamenyoa. Naelijwa alitoka nyumbani pamoja na watu wote, akapanda nao, na njiani wakawa wanapungua, nyumba moja inabaki hapa, nyingine pale, kila mtu na jiwe lake. Hapo ndipo alipojiuliza swali ambalo hapa kwetu halikuwahi kuulizwa. Asiye na kipande anasimama wapi? Akaenda kusimama juu ya njia, kwenye magugu, karibu na shimo la udongo wake.

Kutoka juu vigelegele vikaanza. Vilisikika mbali, vikanyamaza nyuma ya mlima, vikatokea karibu zaidi. Kibuyu kikaonekana, kinacheza juu ya maji, jani la sale limesimama kama bendera. Maji yakaingia kwenye mfereji mweupe wa Mzee Mbonea. Yakapita hatua ya kwanza. Yakapita ya pili, na ya tatu.

Kisha ikasikika sauti kama ya kitambaa kikichanwa. Saruji ilikuwa imekwisha kuachana na mwamba tangu juzi, kwa ufa mwembamba kama unywele, na hakuna aliyeuona. Maji yaliuona. Yaliingia, yakasukuma, na ukuta mweupe ukabanduka mzima mzima, ukaenda korongoni kwa kishindo. Maji yote yakaufuata. Kibuyu kikanasa kwenye ncha iliyobaki.

Vigelegele vilikatika. Kimya kiliteremka mlima kutoka nyumba hadi nyumba.

Wana wa Mzee Mbonea waliruka majini. Walijaza mawe, walijaza nyasi, walivua mashati yao wakayajaza, na maji yakayachukua mashati. Kutoka chini watu wakaanza kuulizana, mmoja akimpazia sauti mwenzake, mpaka swali likafika juu. "Kuna nini huko?" Walioko Mwambani hawakujibu. Desturi ilitaka jina la nyumba liitwe, na nyumba yenyewe ilikuwa ya mwenyekiti. Hata yule msichana mwenye mdomo alifunga mdomo.

Mzee Mbonea alikuwa ametoka jasho. Alitazama watu, akatazama maji yanayoanguka bure. Kisha alifanya jambo ambalo nadhani alilijutia hata kabla hajalimaliza. Aliinama, akakiokota kibuyu, akatembea nacho juu ya mwamba hatua zile sita, akakiweka ng'ambo, kwenye mfereji wa kipande kinachofuata.

"Haya," akasema, "kimevuka. Tuendelee. Yaliyobaki tutayatengeneza kesho."

Kibuyu kililala ubavu kwenye udongo mkavu. Hakuna aliyepiga kigelegele. Mtu mmoja alikohoa.

Hapo Naelijwa akashuka kutoka kwenye magugu. Neno lile lililoshuka siku ya kikao lilikuwa linapanda tena, na safari hii alilisindikiza kwa miguu yake mwenyewe, mpaka akasimama mbele ya Mzee Mbonea. Hakutazama vidole. Alimtazama usoni.

"Baba," akasema, "kibuyu unaweza kukivusha kwa mkono. Maji hayaruki kipande."

Alisema kwa sauti ndogo, kwa kuwa hakuwa na nyingine. Mzee Mbonea akatega sikio. "Umesemaje, mwanangu?"

Kabla Naelijwa hajarudia, yule msichana wa kipande kinachofuata alipata tena kinywa chake. "Amesema maji hayaruki kipande," akasema kwa sauti.

Nyumba iliyofuata chini ilikuwa bado inangoja jibu la swali lake. Ikalipokea hilo. "Wanasema nini?" "Wanasema maji hayaruki kipande." Nayo ikaiambia nyumba nyingine, na nyingine, na Mzee Mbonea akasimama pale Mwambani akiyasikia maneno yale yakiteremka mlima, yanafifia nyuma ya migomba, yanatokeza tena, na hapakuwa na mtu awezaye kuyaita yarudi.

Watu walidhani atakasirika. Badala yake alicheka kidogo, cheko la mtu aliyeshikwa. Alivua kofia. Akachukua jembe mkononi mwa mwanawe, akalilaza chini mbele ya miguu ya Naelijwa.

"Nyumba ya Nanzia," akasema, "nakuomba."

Naelijwa alilitazama jembe, hakuliokota.

"Kipande ni cha nani, baba?"

Swali lile lilikuwa na bibi ndani yake, na bibi wa bibi. Mzee Mbonea alilielewa. Akajibu kwa sauti yake ya unyapara, iliyozoea kufika mwisho wa shamba la mkonge.

"Ni cha nyumba ya Nanzia. Kilikuwa chake na ni chake, na zamu yake ni Jumatano."

Maneno hayo nayo yakapokelewa na kuteremka.

Ndipo Naelijwa alipookota jembe. "Wafunge banio," akasema. Yule msichana mwenye mdomo akapaza: "Fungeni banio." Maneno yakapanda mlima kwa njia ile ile, mtu kwa mtu, na baada ya kitambo maji yakapungua, yakaisha. Tangu hapo mpaka jua lilipopinda, kijiji kizima kiliamrishwa na msichana ambaye hakupaza sauti hata mara moja. Alisema kidogo kidogo, na mwenzake akawa mdomo wake.

Alifunua majani. Udongo ulikuwa umelala siku zake zote na ukaamka vizuri. Wana wa Mzee Mbonea waliubeba. Wanawake waliukanyaga upya. Mzee Mbonea naye alikunja suruali akaingia shimoni, akawa anakanyaga kama mtu anayeua siafu.

"Si hivyo, baba. Kwa kisigino."

"Kwa kisigino, mwenyekiti," yule msichana akapaza, na watu wakacheka, na Mzee Mbonea akacheka nao, akakanyaga kwa kisigino.

Naelijwa aliparuza mwamba, akaulowesha, kisha akafinyanga mabonge na kuyapiga juu ya jiwe moja baada ya jingine, kila bonge likishika lenzake, akilainisha kwa kiganja. Watu walisogea kutazama. Walikuwa wameuona ukuta ule miaka yote, na hawakuwahi kuona unavyojengwa. Mzee mmoja alisema polepole, kama anayejisemea, "Kumbe kazi yenyewe ndiyo hii."

Maji yakafunguliwa kidogo, ya vidole vitatu. Udongo ukanywa, ukashiba, ukakaa. Yakaongezwa. Naelijwa alirudisha kibuyu juu ya maji kwa mkono wake, mwanzo wa mwamba. Kikapita hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne kilisita, kikagonga ukuta, kikageuka. Ya tano. Ya sita.

Ilikuwa zamu ya nyumba ya Nanzia kupiga kigelegele, na nyumba yote pale ilikuwa ni yeye peke yake. Hakuwahi kupiga kigelegele mbele za watu. Alipiga. Kilitoka chembamba kama cha kifaranga, na kipande kilichofuata kikakipokea kwa nguvu zote, na kingine, na kingine, mpaka mlima mzima ukawa unalia.

Bibi Nanzia alikuwa amekaa mlangoni, chini kabisa, karibu na ndiva. Naelijwa alipofika jioni, tope limemkauka mpaka magotini, alimkuta anachekelea.

"Nimeshasikia," bibi akasema.

"Umesikia maji?"

"Maji yalikuja baadaye. Maneno yalitangulia. Watu waliyaleta hapa mlangoni, wakaniambia, bibi, huko juu kuna msemo umetoka, hatumjui aliyeusema. Nikawaambia wamtafute mwenye udongo visiginoni." Akampapasa mjukuu wake uso. "Jumatano uende mapema. Usimngoje mtu akuite."

*

Bibi Namsifu alimaliza kumenya gimbi lililokuwa mkononi, akalitia majini.

"Zile saruji ziko korongoni hadi leo, watoto wanazikalia wakichunga mbuzi. Ukuta wa udongo uko Mwambani, na kila mwaka unabandikwa upya na mjukuu wa Naelijwa, na hatua zake ni zile zile sita. Wageni wakija wanatuuliza mfereji huu una umri gani. Tunawaambia una umri wa jana na wa mababu, maana hakuna siku tuliyoacha kuujenga."

"Na wewe bibi," Kiondo akauliza, "ulikuwa umezaliwa?"

"Nilikuwa nimezaliwa na mdomo nilikuwa nao. Yule msichana wa kipande kinachofuata, yule wa kijiko, ni mimi."

Vijana walitazamana. Bibi akafuta kisu kwenye kanga.

"Nilimcheka miaka saba kwa ajili ya hatua zile. Siku ile nilisimama kwenye hatua zangu arobaini na tano, safi kabisa, hazina hata jani, na zilikuwa kavu. Ndipo nilipojua kwamba tone lolote lililowahi kufika kwangu lilikuwa limepita kwanza mikononi mwake. Sijafanya jambo kubwa maishani mwangu, lakini maneno yake niliyapokea mimi wa kwanza, nikayapitisha bila kuyapunguza. Hiyo fahari ninayo."

Nietiwe alikuwa ameshavua viatu vyake vipya na kuviweka kando. Aliuvuta ungo karibu, akaokota jiwe dogo katikati ya maharage, akalitupa, akatafuta jingine. Pale mafigani shangazi alirudi na sufuria, akachungulia ungo. Nietiwe ndiye aliyesema, bila kuinua uso:

"Najua, shangazi. Maji hayaruki kipande."